Kifaa Usichokijua Chini ya Boneti: Kutambua Vifaa vya Umeme vya Magari ya Zamani kwa Kufuata Dalili

Gari la zamani likifika mikononi mwa mmiliki wa nne au wa tano, chumba chake cha injini huwa kimekusanya mambo mengi kuliko yaliyowekwa kiwandani. Arusha na Moshi magari ya aina hiyo bado yapo: Land Rover zilizofanya kazi mashambani, Land Cruiser za mfululizo wa 40 zilizowahi kubeba watalii, Peugeot 504 ambazo wenyewe wamekataa kuziuza, na Volkswagen Beetle chache zinazotunzwa kwa mapenzi tu. Mwenye gari anafungua boneti kwa sababu betri haishiki chaji au injini inazima ovyo, anakuta kijisanduku cheusi kilichofungwa kwa skrubu kwenye ukuta wa nyuma, kopo dogo la alumini lenye nyaya tatu, na kipande cheupe cha kauri kilichounganishwa na koili inayozalisha umeme wa cheche, na hajui kipi kinafanya kazi gani.

Njia iliyozoeleka ni kumwita fundi akitazame kifaa kwa macho na kukipa jina. Njia hiyo ina hatari, kwa sababu vifaa vya umeme vya enzi zile vilitengenezwa kwa maumbo machache sana. Kopo la sura ile ile laweza kuwa flasha ya indiketa, kidhibiti cha taa ya chaji au kondensa ya kuzuia kelele za redio. Kinachokitambulisha kifaa ni umeme wake: unaingia kutoka wapi, unaingia wakati gani, na unatoka kwenda wapi. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye dalili ambayo dereva anaiona, kisha unashuka hadi kwenye kifaa kinachohusika.

Upande wa ethi, rangi za nyaya na namba

Jambo la kwanza ni kujua ni nguzo ipi ya betri iliyofungwa kwenye bodi, kwa kuwa hiyo ndiyo ethi. Magari mengi ya Uingereza yaliyotengenezwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yalitoka kiwandani nguzo chanya ikiwa ndiyo ethi, kinyume cha magari ya leo. Baadhi yamebadilishwa baadaye, mengine hayajaguswa, na mara nyingi hakuna alama yoyote inayosema hivyo. Fuata kebo nene kutoka kwenye betri hadi inapofungwa kwenye chasisi, kisha soma alama ya nguzo hiyo kwenye betri yenyewe. Usiamini rangi ya kebo, kwa kuwa kebo hununuliwa kulingana na iliyopo dukani siku hiyo.

Kosa la kuchanganya pande hizi halina matokeo ya aina moja. Alternata (mashine ya kuchaji betri) ikiunganishwa kinyume, dayodi zake, yaani vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, huungua papo hapo. Koili ikiunganishwa kinyume, injini huwaka kama kawaida, lakini cheche huhitaji volti kubwa zaidi ili iruke, na dereva huligundua hilo pale injini inapoanza kukosakosa ikiwa imebeba mzigo, kwa mfano inapopanda kutoka Himo kwenda Marangu. Koili za zamani za Lucas, kampuni ya Uingereza ya vifaa vya umeme, zina herufi SW na CB badala ya alama za chanya na hasi. SW ni upande unaotoka kwenye swichi ya ufunguo, na CB ni upande unaokwenda kwenye kontakti za distributa, zinazofungua na kufunga umeme wa koili. Gari likishabadilishwa kutoka ethi chanya kwenda ethi hasi, nyaya hizo mbili za koili lazima zibadilishane nafasi, na hilo husahaulika mara nyingi kwa sababu injini inawaka hata zisipobadilishwa.

Baada ya ethi zinakuja rangi, na hapa ndipo fundi mzoefu wa gari la nchi moja anapoweza kuunguza gari la nchi nyingine. Katika magari ya Uingereza waya wa kahawia hubeba umeme wa betri muda wote bila kupita kwenye fyuzi. Mweupe hupata umeme ufunguo ukifunguliwa. Wa kijani hupata umeme ufunguo ukifunguliwa lakini kwa kupitia fyuzi. Wa zambarau una umeme muda wote kupitia fyuzi. Na mweusi ni ethi. Katika magari ya Kijerumani waya wa kahawia ndio ethi, na mwekundu ndio wa betri. Aliyejifunza kazi kwenye Land Rover akikuta waya wa kahawia ukining'inia kwenye Beetle atauogopa bure, na aliyejifunza kwenye Mercedes akiukuta kwenye Land Rover ataufunga kwenye bodi na kuwasha moto. Toyota nayo ina desturi yake, ambapo waya wa ethi kwa kawaida ni mweupe wenye mstari mweusi, na waya mweusi mtupu haupaswi kuchukuliwa kuwa ethi hadi upimwe.

Wajerumani wamerahisisha kazi kwa kuandika namba kwenye teminali kwa kufuata kanuni ya DIN 72552. Namba 30 ni umeme wa betri wa muda wote, 15 ni umeme wa ufunguo, 31 ni ethi, 50 ni amri ya kupiga stata, 1 ni upande wa koili unaokwenda kwenye kontakti, 49 na 49a ni flasha, na 61 ni taa ya chaji. Rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, huwa na 85 na 86 kwa koili yake ya ndani, 30 kwa kuingia na 87 kwa kutoka. Rilei za Lucas za enzi hizo, kama ile ya 6RA, zina W1 na W2 kwa koili, na C1 na C2 kwa kontakti. Anayezikariri alama hizi chache ataweza kuvitambua vifaa vingi bila kuvifungua, mradi asugue vumbi na kutu hadi maandishi yaonekane. Mswaki wa zamani na petroli kidogo vinatosha, betri ikiwa imefunguliwa na injini ikiwa imepoa.

Kukihoji kifaa kwa taa ya majaribio

Chukua balbu ndogo ya volti 12 yenye nyaya mbili, moja ufunge kwenye ethi imara na nyingine uwe nayo mkononi. Gusa kila teminali ya kifaa usichokijua katika hali nne: ufunguo ukiwa umefungwa, ufunguo ukiwa umefunguliwa, mtu akipiga stata, na injini ikiwa inanguruma. Andika majibu kwenye karatasi. Teminali yenye umeme muda wote inatoka kwenye betri. Inayopata umeme wakati wa stata pekee ni ya solenoidi (swichi kubwa ya stata) au ni njia ya mkato ya kuipa koili nguvu za kuwashia. Ile ambayo inabaki hafifu ufunguo ukiwa umefunguliwa, kisha inang'aa injini ikizunguka, karibu kila mara ni ya mfumo wa chaji.

Kwa kazi hii naipendelea balbu kuliko multimita. Mita haivuti umeme wa maana, hivyo itaonyesha volti 12 hata pale waya uliobakiza uzi mmoja hauwezi kubeba mzigo wowote. Balbu itafifia na kukuambia ukweli. Lakini magari yaliyofungiwa moduli ya elektroniki badala ya kontakti, na Toyota za baadaye zenye kifaa cha kuwashia kilichokaa pamoja na koili, yasichokonolewe kwa balbu upande wa moduli. Hapo mita ndiyo chombo sahihi.

Taa ya chaji haizimi, au betri inakufa kila baada ya siku chache

Dalili hii ndiyo inayowapeleka watu wengi gereji, na vifaa vinavyohusika ndivyo vinavyotatanisha zaidi. Anza kwa kuangalia kinachozungushwa na mkanda. Dainamo, mashine ya kuchaji ya zamani kuliko alternata, ni silinda ndefu na nyembamba. Alternata ni fupi, pana, na ina matundu ya kupitisha hewa. Gari lenye dainamo lazima liwe na katauti, yaani kisanduku cha kudhibiti chaji, mahali fulani, na kwenye magari ya Uingereza katauti ni kile kijisanduku cheusi cha ukuta wa nyuma. Volkswagen Beetle za mwanzo zilikuwa nayo juu ya dainamo yenyewe. Za baadaye zinayo chini ya kiti cha nyuma, na mwenye gari anaweza kukaa na gari miaka asijue.

Katauti ya Lucas ya aina ya RB106 ina teminali zenye herufi A, A1, F, D na E. D na F huenda kwenye dainamo, A huenda kwenye betri, A1 hulisha taa na swichi, na E ni ethi. Ukifungua kifuniko unaona koili mbili zilizosimama kama vibiringo vya uzi wa cherehani. Moja ina waya mnene uliozungushwa juu ya mwembamba: hiyo ndiyo inayokata mawasiliano kati ya betri na dainamo injini ikisimama, ili betri isimwagikie kwenye dainamo. Ya pili hurekebisha volti kwa kufungua na kufunga kontakti zake mara nyingi kwa sekunde. Aina ya RB340 ina koili tatu, ya tatu ikiwa ya kuzuia dainamo isitoe ampea kupita uwezo wake.

Kabla ya kuilaumu katauti, pima dainamo peke yake. Ondoa nyaya zote mbili kwenye dainamo, unganisha teminali zake D na F kwa kipande cha waya, weka mita kati ya hapo na bodi, washa injini na uiongezee mwendo polepole sana. Volti zinapaswa kupanda haraka. Usiziache zipite 20 na usiikimbize injini. Ikiwa mita haisomi kitu, angalia kaboni brashi kwanza. Ikiwa inasoma volti moja au chini yake, tatizo huwa kwenye koili za pembeni, na ikiwa inakwama kwenye 4 au 5, tatizo huwa kwenye sehemu inayozunguka. Dainamo iliyokaa muda mrefu bila kazi, au ya gari lililobadilishwa ethi, inaweza kuwa nzima lakini imepoteza sumaku yake au imeielekeza kinyume. Hapo, waya wa F ukiwa umeondolewa kwenye dainamo, gusisha teminali hiyo ya F na umeme wa betri kwa nukta moja tu, kisha urudishe waya na kupima tena.

Dainamo ikiwa nzima, rudi kwenye katauti. Vumbi la njia zetu, hasa lile laini la majivu ya volkano, hupenya chini ya kifuniko chenye mpira uliokauka na kukaa kati ya kontakti. Kipande cha karatasi safi kinachovutwa kati ya kontakti kinatosha. Msasa wa chuma hauhitajiki. Skrubu za kurekebisha springi ziachwe kama zilivyo hadi uwe na mita sahihi na maelekezo ya katauti hiyo, kwa sababu anayezigusa kwa kubahatisha huishia kuichemsha betri.

Toyota za mfululizo wa 40 zenye alternata ya zamani zina kisanduku chao cha nje chenye waya sita, na teminali zake zinaitwa IG, N, F, E, L na B. Ndani yake pia kuna koili mbili, lakini kazi zake si zile za katauti ya dainamo: moja inarekebisha volti na nyingine inazima taa ya chaji baada ya kupata umeme kutoka N ya alternata. Kwa hiyo taa ya chaji kubaki imewaka huku betri ikisoma volti 13.8 hadi 14.4 injini ikizunguka ni dalili ya koili hii ya pili au waya wa N. Alternata iachwe.

Sasa kopo la alumini. Baadhi ya magari ya Uingereza ya miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970 yalifungwa alternata za Lucas za aina ya 10AC na 11AC, ambazo kidhibiti chake, kinachoitwa 4TR, kiko nje, na taa ya chaji inaendeshwa na kifaa cha pekee kinachoitwa 3AW. Kifaa hicho kwa sura ni ndugu pacha wa flasha ya indiketa. Fundi akikuta indiketa hazipepesi, akakiona kopo hicho na kukichomekea nyaya za flasha, anaharibu kifaa na tatizo la indiketa linabaki pale pale. Tofauti iko kwenye herufi: 3AW ina AL, E na WL, wakati flasha ina B na L, na pengine P. AL inatoka kwenye alternata, WL inakwenda kwenye taa ya dashibodi.

Tahadhari moja kwa wote wenye alternata: usifungue waya wa betri injini ikiwa inazunguka. Desturi ya kubusti gari kwa betri ya jirani kisha kuiondoa huku gari linanguruma bila betri yake imemaliza dayodi nyingi mno katika miji hii.

Injini inawaka wakati wa stata na kuzima mara unapoachia ufunguo

Dalili hii ni ya wazi kuliko zote, na wengi hukimbilia kabureta. Ikiwa injini inashika vizuri wakati stata inapigwa, kisha inakufa nukta ile ile ufunguo unaporudi, tafuta rezista ya koili. Ni kile kipande cheupe cha kauri karibu na koili, au koili ya waya iliyo wazi ndani ya kibanio cha chuma. Kwenye baadhi ya magari haionekani kabisa, kwa sababu ni waya maalumu wenye ukinzani uliofichwa ndani ya fungu la nyaya. Kazi yake ni kushusha volti zinazofika kwenye koili gari likitembea. Wakati wa stata, waya mwingine huiruka rezista na kuipa koili umeme wote wa betri, ambao tayari umepunguzwa na stata. Rezista ikikatika, ile njia ya stata bado inafanya kazi, na ndiyo maana injini inakudanganya kwa kuwaka.

Suluhisho la barabarani ni kuunganisha waya kutoka chanzo chenye umeme wa ufunguo moja kwa moja hadi koili, na litakufikisha nyumbani. Likiachwa hivyo, koili ya aina hii itachemka na kontakti zitaungua. Ili kujua koili yako inahitaji rezista au la, ondoa nyaya zake na upime kati ya teminali mbili ndogo: karibu omu 3 ni koili ya volti 12 isiyohitaji rezista, na karibu omu 1.5 ni ile inayoihitaji. Maduka ya spea huuza zote mbili zikiwa na sura moja, na mara nyingi muuzaji mwenyewe hajui tofauti.

Kando ya koili kuna kisilinda kingine cha chuma, chenye waya mmoja tu na kibanio kilichofungwa chini ya skrubu ya koili. Hiyo ni kondensa ya redio. Inapaswa kuunganishwa upande wa koili unaotoka kwenye swichi. Ikihamishiwa upande wa kontakti, cheche hudhoofika na injini hugoma kuwaka au hukosakosa, ingawa kila kitu kingine ni kizima. Ikiondolewa kabisa, injini haitajua. Redio tu ndiyo itakayolalamika. Isichanganywe na kondensa ya distributa, ambayo bila hiyo kontakti hupiga cheche kali za buluu na kuungua upesi.

Injini ya dizeli haizimi, au haiwaki asubuhi ya baridi

Land Cruiser za dizeli za miaka ya 1980, kama BJ42 na HJ47, zina mota ndogo karibu na pampu ya dizeli, yenye mkono unaosukuma na kuvuta wenzo wa pampu. Wengi huidhani kuwa sehemu ya wipa iliyopotea njia. Mota hii, inayojulikana kwa kifupi cha EDIC, ndiyo inayozima injini: ufunguo ukifungwa huvuta wenzo hadi mahali pa kusimama, ukifunguliwa huusogeza mahali pa kutembea, na wakati wa stata huusukuma mbele zaidi ili dizeli ya ziada iingie. Injini isiyozima kwa ufunguo, injini inayozunguka na stata bila kushika, na mkono unaokwenda mbele na nyuma bila kutulia, zote ni dalili za mota hiyo, rilei yake au waya uliooza. Fungua mkono kwenye wenzo, usogeze wenzo kwa vidole. Ikiwa injini sasa inawaka na kuzima, pampu haina kosa, na mwenye gari ameokoa gharama kubwa.

Kwenye gari lenye betri mbili, angalia kwanza zimeunganishwa vipi kabla ya kununua kifaa chochote. Chanya ya moja ikiunganishwa na hasi ya nyingine, mfumo ni wa volti 24. Chanya kwa chanya na hasi kwa hasi ni volti 12.

Land Rover za dizeli za zamani zina kisa kingine. Hita plagi zao nne, zinazopasha joto injini kabla ya kuiwasha, zimeunganishwa kwa mfuatano, umeme ukipita kutoka moja hadi nyingine na kuishia kwenye ethi, huku rezista ya chuma kwenye ukuta wa nyuma ikishika sehemu ya volti. Kila plagi hupata takriban volti 2 tu. Moja ikikatika zote zinakufa, na mtu wa Ngaramtoni anayewasha gari saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa Julai atalijua hilo mapema. Washa hita na uguse kila plagi kwa taa ya majaribio ukianzia upande wa rezista: taa itawaka kwa nguvu hadi kwenye plagi iliyokatika, na baada yake haitawaka. Usipeleke waya wa volti 12 moja kwa moja kwenye plagi ya aina hii kwa nia ya kuipima, kwani itakatika mbele ya macho yako.

Stata inalia "tak" peke yake, na kebo ya choki inapata moto

Kopo nene lenye nyaya mbili kubwa na kitufe cha mpira kwa nyuma, kwenye Land Rover nyingi, ni solenoidi ya stata. Kitufe hicho kilikusudiwa kukuwezesha kuifunga kwa mkono. Gia ikiwa huru, kibonyeze, na stata ikizunguka basi kosa liko kwenye ufunguo au waya mwembamba wa amri.

Kebo ya choki au ya mafuta inayochemka wakati wa stata inatokana na mkanda wa ethi kati ya injini na chasisi, ambao umekatika au ulisahaulika injini ilipotolewa. Umeme wa stata hutafuta njia nyingine ya kurudi, na kebo ya choki ndiyo iliyopo. Bodi ya alumini ya Land Rover huongeza shida, kwa kuwa alumini na chuma vikikutana kwenye unyevu hufanya kutu nyeupe isiyopitisha umeme. Usibadilishe stata kabla ya kufunga mkanda huo.

Vifaa vya waya mmoja kwenye injini, na feni isiyokazana

Vifaa vilivyokazwa kwenye injini vyenye waya mmoja kwa kawaida ni viwili: swichi ya presha ya oili na kipima joto. Ufunguo ukiwa umefunguliwa na injini imesimama, chomoa waya. Taa ya oili ikizima, umeshaijua swichi. Kwa kipima joto, gusisha waya na bodi kwa sekunde chache tu, na mshale wa dashibodi utasogea hadi mwisho. Mshale wa joto na wa mafuta ikidanganya kwa pamoja, achana na vifaa vya injini. Tafuta kidhibiti cha volti nyuma ya dashibodi, ambacho kwenye magari ya Uingereza yenye mita za Smiths hushusha umeme hadi wastani wa volti 10, au ethi yake.

Peugeot 504 ina jambo ambalo huwashangaza wengi: feni inayozungushwa na mkanda lakini inashikwa kwa sumaku ya umeme. Kaboni brashi moja ndogo hupeleka umeme kwenye kitovu kinachozunguka, na swichi ya joto ndiyo inayoamuru. Brashi ikiisha, feni huzunguka kwa uvivu, na gari linachemka kwenye foleni ya Sakina huku likiwa sawa kabisa kwenye barabara ya kwenda Boma Ng'ombe. Injini ikiwa imesimama, peleka volti 12 kwenye waya wa brashi. Usiposikia sahani ikivutwa, toa brashi uitazame.

Kila kitu kimekufa ghafla, ingawa betri ni nzima

Kwenye Toyota, tafuta kipande kifupi cha waya karibu na nguzo chanya chenye mpira ulio tofauti kidogo na wenzake. Hiyo ni fyuzi katika umbo la waya. Ivute taratibu: ikirefuka, imeungua ndani. Waya wa kawaida usiwekwe mahali pake hata kwa siku moja.

Nyaya zisizo na mwenyewe

Gari lililowahi kufanya kazi ya utalii hukutwa na nyaya za redio kol iliyokwisha kuuzwa, za friji, za kuchajia kamera, na rilei ya betri ya pili ambayo haipo tena. Ongeza hapo swichi ya siri ya kuzuia wizi, ambayo mmiliki wa kwanza alimwambia dereva wake na dereva hakumwambia mtu. Injini inayozunguka na stata bila cheche kabisa, ilhali koili haina umeme wa ufunguo, mara nyingi inatokana na swichi hiyo. Fuata waya wa koili kurudi nyuma hadi uone mahali ulipokatwa na kuungwa kwa gundi ya karatasi ya plastiki.

Nyaya hizi zisikatwe kwa pamoja. Funga ufunguo na kila mzigo, ondoa kebo ya ethi kwenye betri, na uweke mita ya ampea kati ya nguzo na kebo hiyo, bila kugusa stata wakati wote mita ikiwa hapo. Gari la zamani lisilo na saa wala kengele ya wizi linapaswa kusoma karibu sifuri. Ukiona zaidi ya miliampea 50, chomoa fyuzi moja moja, kisha nyaya zilizounganishwa moja kwa moja na betri, ukitazama ni ipi inayoshusha usomaji. Ikiwa hakuna, ondoa waya mnene wa alternata, kwa kuwa dayodi iliyovuja humwaga betri usiku kucha bila kuacha dalili nyingine. Ule unaoshusha usomaji ufungie karatasi yenye jina, na ufuate hadi mwisho wake kabla ya kuukata.